Hoteli ya Samaki kwa Siku ya Furaha



Zamani katika miji yetu ya pwani mtu hakuuliza karamu itafanywa wapi. Karamu ilikuwa ni nyumbani. Masufuria yaliazimwa kwa jirani, majamvi yakatandikwa uani, wanawake wakakesha wakikuna nazi na kupaa samaki, na wageni wakala katika sinia moja, watu wanne wanne au watano watano. Mwenye nyumba alikuwa na hamu moja tu, nayo ni kwamba asiondoke mgeni na njaa. Leo mambo yamegeuka. Wengi wetu twakaa ghorofani ambako hakuna ua wala jiko la kuni, mabinti zetu huenda kazini tangu asubuhi, na hao majirani wa kuazimana masufuria hatujuani hata majina. Ndiyo ikawa, siku ya furaha ikifika, mathalani mtoto amehitimu masomo, au mzee amerejea Hija, au mtu ametimiza umri fulani, neno la kwanza kusemwa ni hili: "Twende hoteli gani?" Na kwa kuwa sisi ni watu wa bahari, mara nyingi hoteli itafutwayo ni ya samaki.

Hatuoni ubaya katika jambo hilo lenyewe. Wala hatukusudii hapa kuingia katika khitilafu ya wanazuoni juu ya kusherehekea siku ya kuzaliwa. Wako wanaolikataza, na wako wanaoliona ni katika ada za dunia madhali hamna maasi ndani yake, na kila mtu amfuate mwanachuoni anayemwamini. Tutakalo kulisema ni kwamba mtu akishaamua kuwakusanya jamaa zake kwenye meza ya samaki, kuchagua mahali huwa ni amana juu yake, wala si jambo la kutazama taa na upepo wa bahari peke yake. Mwenye kualika ana dhamana ya kila tonge litakaloliwa. Na mahali hapo yafaa papimwe kwa mgeni aliye mnyonge kuliko wote: yule asiyeweza kupanda ngazi, asiyeweza kula kila kitu, asiyeweza kulipa, na ambaye haya zake zitamzuia kusema.

Haya twayasema kwa kuwa yametupitia. Sisi ni ndugu sita, watoto wa mama mmoja, wazaliwa wa Mombasa. Baba yetu alifariki mdogo wetu akiwa bado ananyonya, na mama akatulea kwa karai moja la chuma na jiko la makaa. Kila siku baada ya sala ya alasiri aliketi kibarazani akikaanga samaki, changu na tasi, na siku za kusi bahari ikichafuka alikaanga viazi na bajia. Na watu wakaja na sahani zao kununua. Karo za skuli zilitoka katika karai hilo, na kanzu za Idi, na dawa za homa. Samaki wazima waliuzwa, na sisi pamoja naye tulikula vipande vilivyovunjika. Alipokaribia kutimiza miaka 70 tuliafikiana sote kwamba mara moja katika maisha yake mama huyu akae kitako, aletewe samaki aliyepikwa na mtu mwingine. Katika hilo hatukukhitilafiana. Tulikhitilafiana katika mahali.

Kaka yetu mkubwa, ambaye Mwenyezi Mungu amemfungulia katika biashara, alitaka hoteli moja kubwa ng'ambo ya daraja la Nyali, yenye kamba mawe, wale wakubwa wenye ndevu ndefu, na meza zinazoelekea maji. Vijana wetu walimuunga mkono kwa sababu ya picha watakazopiga. Dada yetu wa pili alinyamaza, na sote twajua kwa nini alinyamaza. Mumewe alikuwa hana kazi mwaka ule, na mchango uliotajwa kwa kila mmoja wetu ulizidi kodi yake ya nyumba ya mwezi. Mke wa ndugu yetu mwingine, ambaye wazee wake asili yao ni Punjab na wafuata madhehebu ya Imamu Abu Hanifa, naye alinyamaza. Asiyenyamaza ni shangazi yetu, dada yake marehemu baba. Alisema: "Mkinipeleka mahali panapouzwa ulevi, mimi nitakaa nje ndani ya gari mpaka mtakapomaliza."

Kaka akajibu kwa uchungu, na uchungu wake ulikuwa na haki. Alisema mama hakutunyima kitu, basi kwa nini leo tumtafutie yeye cha rahisi? Shangazi akamwambia: "Mwanangu, mama yako akijua kwamba binti yake amekopa ili yeye ale kamba, tonge halitapita kooni." Hapo maneno yakapoa. Tukatuma wawili miongoni mwetu wakatazame mahali patatu mchana, kabla ya siku yenyewe, wakaulize na waone kwa macho. Tuliyoyapata katika safari hiyo ndiyo tupendayo kuwaeleza wasomaji wetu.

Jambo la kwanza ni uhalali wa chakula. Wengi hudhani kwamba penye samaki hapana haja ya kuuliza, kwa kuwa samaki hachinjwi. Ni kweli kwamba Qur'ani Tukufu, katika Suratul Maida aya ya 96, imehalalisha mawindo ya bahari. Walakini wanazuoni hawana kauli moja juu ya kila kitokacho majini. Sisi Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani hii, twahalalisha takriban kila kiumbe asiyeishi ila baharini, na kwa hivyo pweza, ngisi, kamba na chaza kwetu ni chakula. Ama kaa, Imamu Nawawi katika kitabu chake Minhaj amemtaja pamoja na chura miongoni mwa waishio majini na nchi kavu, ambao hawaliwi, ingawa wako wanazuoni waliotoa kauli nyingine juu yake. Ndugu zetu Mahanafi wahalalisha samaki tu; pweza, ngisi na kaa kwao haliwi hata mmoja, na juu ya kamba wadogo wanazuoni wao wamekhitilafiana, wengine wamewahesabu kuwa ni samaki na wengine wamekataa. Na ndugu zetu Mashia Ithnaashari hula samaki mwenye magamba, na kamba wadogo pia, lakini papa, pweza na kaa hawawali.

Katika mji kama Mombasa hawa wote ni majirani, na mara nyingi ni wakwe. Meza moja yaweza kuwa na madhehebu matatu. Ukiagiza lile sinia kubwa la mchanganyiko, pweza juu ya changu na kaa juu ya kamba, kama ilivyo ada ya hoteli nyingi, umemwalika mkweo aje kutazama watu wakila. Yeye hatasema, maana amefunzwa adabu. Atakula wali na kachumbari, na akirudi kwao atasema alishiba. Basi kila aina na iletwe katika sahani yake mbali, na samaki wa magamba awepo wa kutosha, maana huyo ndiye anayeliwa na wote.

Jambo la pili ni kile kinachoingia sufuriani. Hoteli ya kwanza waliyoitazama wenzetu ilikuwa safi na watumishi wake wenye adabu. Walipouliza ule mchuzi mweupe wa samaki umetengenezwa kwa nini, mpishi aliwajibu bila kusita kwamba ni siagi, malai na mvinyo mweupe. Hakuwaficha, nasi twamshukuru kwa hilo. Upishi wa Kizungu hutia mvinyo katika michuzi mingi ya samaki, na yule kamba mawe apikwaye kwa namna iitwayo thermidor aghalabu hutiwa mvinyo au brandi. Wako pia wanaowazungushia kamba ukanda wa nyama ya nguruwe kabla ya kuwachoma, na huenda wavu ukawa ni ule ule atakaochomewa samaki wako. Kwa hivyo yafaa aulizwe mpishi mwenyewe, si mletaji chakula peke yake: mchuzi huu una nini, mafuta haya yamekaangia nini, na wavu huu umechomea nini. Kuuliza si ugomvi. Mpishi mwaminifu hachukii kuulizwa, na akichukia, jibu umekwisha kulipata.

Jambo la tatu ni samaki mwenyewe. Katika hoteli ya pili wenzetu walikuta kipande kikubwa cha jodari kimelazwa juu ya meza saa sita ya mchana, pasipo barafu, na nzi wakikizunguka. Wakaaga kwa salama wakaondoka. Jodari na jamii yake wakikaa katika joto huingiwa na sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi, na mwenye kuwala hugeuka mwekundu usoni, akaumwa na kichwa, akawashwa mwili mzima. Si viungo wala ndimu zitakazoiponya nyama iliyokwisha kuharibika. Mama yetu alitufundisha tangu utotoni alama za samaki mzuri: macho yake yang'aa na yametuna, mashavu yake ukiyafunua ni mekundu, nyama yake ukiibonyeza kwa kidole hurudi, na harufu yake ni ya bahari, si shombo la kukereketa pua. Hoteli nzuri haikatai kukuonyesha samaki kabla ya kumpika.

Tena tukumbuke majira. Upepo wa kaskazi uvumapo, tangu karibu mwezi wa Novemba hata Machi, bahari hutulia na vyombo huenda mbali. Kusi likivuma, tangu Aprili hata karibu Septemba, mawimbi hukua, wavuvi wengi wenye vyombo vidogo hubaki ndani ya miamba, na samaki huadimika na kupanda bei. Siku ya mama yetu iliangukia Julai. Ingekuwa ni kujidanganya kutaraji nguru wa jana katika kila hoteli. Samaki wa barafu aliyehifadhiwa vyema si haramu wala si aibu, lakini yakupasa ujue unachonunua, wala usilipie samaki wa wiki tatu kwa bei ya samaki wa leo. Uliza ni samaki gani aliyeshuka leo, uagize huyo.

Jambo la nne ni la afya. Wako watu ambao miili yao haipatani na kamba wala kaa. Huo ndio unaoitwa mzio. Mtoto mmoja wa dada yetu, kila alapo kamba hata mmoja, midomo humvimba. Kwa mtu kama huyo haitoshi kutompa kamba, kwa sababu samaki aliyekaangwa katika mafuta yaliyokaangia kamba aweza kumdhuru vile vile, na wengine hubanwa na pumzi hata wakafa. Mwenye kualika na awaulize wageni wake mapema, tena faraghani, ili asimfedheheshe mtu mbele ya watu.

Jambo la tano ni fedha, nalo ndilo linalovunja udugu zaidi ya pweza na kaa. Katika hoteli nyingi kamba mawe na samaki wakubwa huuzwa kwa uzito, na katika karatasi ya vyakula huandikwa tu "bei ya siku". Mtu akiagiza bila ya kuuliza, hesabu humjia kama radi. Mwambie mwenye hoteli ampime samaki mbele yako kabla hajaingia jikoni. Jua pia kwamba uzito mwingi wa kamba mawe ni kichwa na gamba, na nyama yake ni kidogo. Na uulize kama bei zilizoandikwa zimeingiza kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Kenya ni asilimia 16, na malipo ya utumishi, maana yakiongezwa mwisho hubadili hesabu yote.

Ama mchango, tuliutengeneza namna hii. Mdogo wetu alitupa kila mmoja bahasha moja, zote za namna moja, zisizo na jina. Kila mtu akatia alichojaaliwa, akaifunga, akaitumbukiza katika kapu la ukili. Zikafunguliwa pamoja, na jumla iliyotoka ndiyo iliyochagua hoteli. Hakuna aliyejua dada yetu ametia kiasi gani, wala kaka ametia kiasi gani, ingawa kila mtu alikuwa na dhana yake na akaimeza. Njia hii twaipendekeza kwa kila jamaa. Karamu ya mzazi isiwe mnada wa watoto, ambapo mwenye nacho ndiye anayeonekana kuwa na mapenzi.

Jambo la sita ni mahali penyewe. Mama yetu magoti yake hayapendi ngazi, na hoteli nyingi nzuri za samaki zimejengwa juu ya majabali au ghorofani ili watu waone bahari. Yafaa uende ukazihesabu ngazi mwenyewe. Utazame kama pana maji ya kunawia karibu, maana samaki wa kupaka huliwa kwa mkono na mzee asilazimishwe uma. Utazame kama pana mahali pa kusalia, kwa kuwa karamu nyingi za jioni huikata sala ya magharibi katikati. Na katika jambo la ulevi, msimamo wa shangazi ulikuwa ndio msimamo wa dini, maana Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amekataza kuketi kwenye meza inayozungushwa ulevi. Katika mji ambao hoteli zisizouza kitu hicho ni nyingi, hatukuona dharura ya kumtia mzee huyo katika dhiki.

Hoteli ya tatu ndiyo iliyochaguliwa. Ni ndogo, ina ngazi moja tu mlangoni, haiuzi ulevi, na bahari haionekani ila ukisimama dirishani. Kaka alitazama dirisha hilo akavuta pumzi, lakini hakusema neno, na jioni ile yeye ndiye aliyemshika mama mkono akamwingiza. Tulikuwa watu kumi na tisa. Uliletwa wali wa nazi, changu wa kupaka kwa tui na ukwaju, samaki wa kukaanga, na pweza katika sahani yake peke yake kwa wampendao. Mke wa ndugu yetu alikula alivyokula kila mtu. Mtoto mwenye mzio alikaangiwa samaki wake katika mafuta mapya, na mpishi akaja mwenyewe kumwonyesha mama yake.

Mama alimgeuza samaki wake kwanza, kama afanyavyo sokoni, kisha akaonja. Akauliza, "Nani kampika?" Akaitwa mpishi, naye alikuwa mwanamke wa makamo, uso wake ungali na jasho la moto. Mama akamwambia, "Mkono wako mzuri, mwanangu. Wewe umekula?" Yule mwanamke akacheka akasema kwamba wao hula wageni wakisha kuondoka. Mama akatugeukia, akatuambia tumwekee sahani, yeye na wenzake wa jikoni, tena samaki wazima, si vipande vilivyovunjika. Tukafanya hivyo. Kilichobaki mezani tulikifunga tukaenda nacho nyumbani kwa dada yetu, ambaye ana watoto wengi kuliko sote, na kwa hivyo hakuna kilichotupwa. Suratul A'raf aya ya 31 imetukataza israfu katika kula na kunywa, na hakuna mahali israfu inapofanya maskani siku hizi kuliko meza za sherehe.

Ndugu wasomaji, na khasa nyinyi vijana ambao ndio wenye kuchagua hoteli siku hizi, hatusemi kwamba bahari isitazamwe wala picha zisipigwe. Mwenye uwezo wa mahali pazuri, palipo halali, pasipomdhiki mtu, na aende amshukuru Mola wake. Tusemalo ni kwamba kabla ya kuuliza hoteli gani ina sifa, tuulize ni nani watakaokaa mezani, na ni nani kati yao asiyeweza kusema haja yake. Mchague mahali kwa ajili ya huyo, na wengine wote watapata nafasi. Wazee wetu hawakuwa na karatasi za vyakula wala meza za kuelekea maji, lakini walijua kila mgeni anakula nini na hali nini, na walijua ni jirani yupi asiyekuwa na kitu cha kuleta, wakampa kazi ya kukuna nazi ili naye awe katika wenye karamu. Elimu hiyo haijapitwa na wakati kwa kuwa karamu zimehamia hotelini.

Mwenyezi Mungu awape wazee wetu umri wenye afya na kheri, atujaalie riziki za halali mezani petu, na atuwafikishe kuwatendea wema wangali hai. Amin.